Ndoto na Msikilizaji Wake: Uhakiki wa Shuhuda Mbili

Je, ndoto ina maana, au ni moshi tu wa ubongo uliolala? Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alishikilia kwamba ndoto ni haja iliyofichika inayojitimiza usingizini. Mwaka 1977 J. Allan Hobson na Robert McCarley walitoa rai nyingine: chanzo chake ni mishtuko inayotoka katika shina la ubongo, nao ubongo wa juu hujaribu kuiunga iwe hadithi. Mabishano hayo ni mazito. Lakini sisi wanafunzi wa lugha tuna swali linalotangulia: nani amewahi kuiona ndoto ya mwenzake? Tulicho nacho ni usimulizi wake tu.

Kiswahili chenyewe kinabeba maoni yote mawili. Tukisema mtu ana ndoto za Alinacha, tunamcheka anayejenga utajiri hewani. Tukisema ndoto imeaguliwa, tunatumia kitenzi kile kile cha mganga anayemwagua mgonjwa. Na kuagua kunahitaji watu wawili: mwotaji na msikilizaji.

Kwa kipimo hicho tuhakiki kwanza ushuhuda wa Carl Gustav Jung. Kati ya 1925 na 1926 alikaa na wenyeji wa mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, akijitahidi kusema Kiswahili kwa msaada wa kamusi. Aliwaahidi sigara na viberiti wakimsimulia ndoto zao. Wakajibu kwamba hawaoti. Hatimaye mzee mmoja, laiboni, alimwambia huku machozi yakimlengalenga kwamba zamani malaiboni waliota, wakajua habari za vita, maradhi na mvua. Tangu kuja kwa wazungu ndoto zimekwisha, kwani Waingereza wanajua yote. Jung alielewa vema kwamba mkuu wa wilaya amekalia kiti cha ndoto. Hata hivyo tunaona kasoro mbili. Kwanza, hakutuachia maneno yenyewe ya mzee. Pili, ingawa alishuku kwamba wengine walinyamaza kwa woga, jibu la mzee alilipokea kama habari ya usingizi, asijiulize kama nalo lilikuwa njia ya heshima ya kumfungia mgeni mlango.

Ushuhuda wa pili ni wa kwetu Katanga. Mwaka 1966 Johannes Fabian alichapisha katika jarida la Anthropos makala juu ya nadharia za ndoto katika Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels kwa wafanyakazi wa migodi. Sifa ya uchunguzi wake ni kwamba maneno ya wenyewe yamebaki: mawazo, uzima, uzazi, mapendo. Wanajamaa wanaonekana humo kama watu wenye nadharia yao, si vielelezo vya nadharia ya mgeni.

Hoja yetu basi ni hii: chanzo cha ndoto kiwe haja au mshtuko wa neva, uzito wake hutokea pale ambapo yupo mwenye haki ya kuisimulia na mwenye wajibu wa kuisikiliza. Kwa mzee wa Elgon, aliyeondolewa ni msikilizaji. Wanafunzi wetu wanaokusanya masimulizi ya ndoto mitaani wayaandike kama yalivyosemwa, bila kuyasanifisha, na wataje pia yalisemwa mbele ya nani. Tukikosa hayo, tutarudia kosa la Jung katika lugha yetu wenyewe.