Jiwe na Kivuli

Mji uliojeruhiwa huuguzwa kama mtu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, zinapokutana Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Watu zaidi ya 200 walikufa, na Ufundi House ikaporomoka. Mwaka 2001 palipokuwa na ubalozi pakafunguliwa bustani ya ukumbusho, yenye ukuta wa majina ya waliokufa.

Msomaji, bustani hiyo imewatendea haki marehemu. Kwa walio hai ina upungufu. Ua, lango na kiingilio walichotozwa wageni viliutenga utulivu wake na umati wa barabarani.

Tazama Christchurch, New Zealand. Baada ya tetemeko la Februari 2011, maduka yalifunguliwa Oktoba ya mwaka ule ule ndani ya makontena, katikati ya magofu. Biashara ilirudi, na watu wakaifuata. Ujenzi wa kudumu ulipokaribia, makontena yalisogezwa.

Ufundi wa namna hiyo si mgeni kwetu. Kangemi na Kawangware, magharibi mwa Nairobi, wachuuzi husimamisha miti na turubai asubuhi, wakavikunja jioni. Mafundi wa huko wangeweza kuunda mabenchi, vivuli na majukwaa ya kuhamishika. Lakini kila kitu kipangiwe siku ya kuondoka, kisije kikawa kizuizi.

Basi pima jengo la umma kwa swali hili: je, mpita njia asiye na senti ana mahali pa kuketi?