Povu linaloufunga mshipa

Anayeuza mboga katika soko la Machakos husimama kutwa nzima, na wapo ambao mishipa ya miguu imetuna na kujisokota chini ya ngozi. Hiyo ndiyo varikosi. Vali za vena zimelegea, damu inayopaswa kupanda kuelekea moyoni inarudi chini na kuutanua mshipa. Mwaka 1972 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliandika kwamba varikosi ni nadra Afrika, akasifu vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi. Hoja hiyo isimfanye yeyote ampuuze mama anayelalamikia miguu mizito.

Varikosi hutibiwa kwa sindano, lakini tiba hiyo haitengenezi vali. Huufunga mshipa wenyewe. Dawa kama polidokanoli, ambayo ni jamii ya sabuni, huunguza utando wa ndani, kuta zikashikana na mshipa ukanywea, kisha damu ikapita katika vena nzima za ndani zaidi. Tatizo ni kwamba damu huizimua dawa. Ndiyo maana George Fegan wa Dublin, katika miaka ya 1960, alisisitiza mshipa udungwe ukiwa mtupu, kisha mguu ufungwe bandeji ya kubana.

Mwaka 2000 Lorenzo Tessari wa Italia alikuja na mbinu rahisi ajabu. Mabomba mawili ya sindano huunganishwa kwa kiungo chenye koki. Dawa sehemu moja, hewa sehemu nne. Husukumwa huku na huku mara 20 hivi mpaka litoke povu jeupe, laini. Povu huisukuma damu pembeni na kugusa ukuta wote, na kwenye altrasaundi hung'aa, daktari akaona linakofika. Lakini huchuja upesi, kwa hiyo hutengenezwa dakika ya mwisho, sindano ikiwa tayari mshipani.

Kwangu mimi, altrasaundi ndiyo roho ya kazi hii. Damu ikiwa inarudi chini kupitia vali iliyolegea kinenani, kudunga vijishipa vya juu pekee ni kupoteza pesa za mgonjwa: vitatokea tena. Kipimo hichohicho huonyesha kama vena za ndani zina damu iliyoganda, na hapo sindano huahirishwa. Mjamzito naye husubiri. Dawa ikivuja nje ya mshipa, ngozi inaweza kufanya kidonda.

Hakuna nusukaputi wala kulazwa. Mgonjwa huvaa soksi za kubana na kuanza kutembea papo hapo, ili damu isigande. Mshipa huweza kubaki mgumu na ngozi kuwa na doa la kahawia kwa miezi kadhaa, na wengine hurudi kudungwa tena.