Akaunti Tatu, Sikio Moja

Nina anwani tatu za barua pepe. Moja ni ya ofisi ninapofanya kazi hapa Kigali. Ya pili ni ya chama ambacho mimi ni katibu wake. Ya tatu ni yangu binafsi, inayopokea salamu za ndugu, risiti na majibu ya Irembo, maana tangu jukwaa hilo lianze mwaka 2015 huduma nyingi za serikali tunaziomba mtandaoni.

Anayeona hutupia kikasha jicho moja akajua barua ipi ni ya wapi. Rangi humwambia, picha ndogo ya mtumaji humwambia, maandishi yaliyokolea humwambia. Mimi sioni, nasikiliza, na sikio hupokea neno baada ya neno. Hakuna kusikia ukurasa mzima kwa mkupuo. Ndiyo maana mpangilio wangu wote nimeujenga juu ya kanuni moja: neno la kwanza kusikika liwe ndilo neno la kuamua. Nieleze nilivyofanya, na mahali ambapo kanuni hiyo ilinishinda kwa muda.

Vyombo vyangu ni viwili, na vyote ni vya bure. Cha kwanza ni NVDA, kisoma skrini kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na James Teh, wote wawili wasioona, kwa imani kwamba asiyeona hapaswi kulipa ziada ili atumie kompyuta ileile anayotumia jirani yake. Cha pili ni Thunderbird, programu ya barua inayokusanya akaunti zote chini ya paa moja. Teh baadaye alikwenda Mozilla kufanya kazi hiyohiyo ya kuwafungulia wasioona milango ya kivinjari cha Firefox. Thunderbird imejengwa juu ya injini ya Firefox, kwa hiyo jasho lake linafika hadi kwenye barua zangu.

Akaunti zote nimeziunganisha kwa IMAP, utaratibu ulioanzishwa na Mark Crispin mwaka 1986, ambao huacha barua kwenye seva. Nikisoma barua kwenye simu ndani ya basi la Nyabugogo, nikifika ofisini kompyuta inajua kwamba imeshasomwa. Bila hilo, akaunti tatu kwenye vifaa viwili zingekuwa vikasha sita vya kusikiliza.

Hatua ya kwanza ilikuwa majina. Thunderbird huipa kila akaunti jina la anwani yake, na anwani zangu zote zinaanza kwa jina langu. Nikishuka kwa mshale kwenye orodha ya folda nilikuwa nasikia jina langu, nukta, jina la pili, alama ya @, ndipo tofauti ianze. Mara tatu, kila asubuhi, naambiwa kwanza jambo ninalolijua tangu nizaliwe. Niliingia kwenye mipangilio ya akaunti nikazibatiza upya: Kazi, Chama, Nyumbani. Majina hayo hayaonwi na mtu mwingine yeyote, ni ya sikio langu tu. Sasa silabi mbili zinatosha kuniambia nipo wapi.

Hatua ya pili ilikuwa orodha ya barua. Thunderbird inaweza kuionyesha kwa kadi au kwa jedwali. Nilichagua jedwali, kwa sababu safu zake zinaweza kufichwa na kupangwa upya, na NVDA huzisoma kwa mpangilio niliouweka. Nilificha nyota, ukubwa na vingine nisivyovihitaji. Kwenye folda ya pamoja, ile inayochanganya vikasha vyote vitatu, safu ya akaunti nimeiweka mbele, ikifuatwa na mtumaji, mada na tarehe. Nikigusa mshale nasikia: “Chama”, kisha jina la mweka hazina wetu, kisha “bajeti ya Juni”. Ikiwa saa hiyo nashughulikia ya ofisi, “Chama” pekee inanitosha kupita bila kusikiliza mengine. Kitufe cha N hunirukisha hadi barua inayofuata ambayo haijasomwa.

Hatua ya tatu inatokana na mji huu wenyewe. Tangu Kiswahili kiingizwe kwenye lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017, lugha hizo ni nne, na zote zinaweza kunifikia kabla ya saa nne asubuhi. NVDA inaweza kubadili lugha yenyewe pale tu maandishi yanapobeba alama ya lugha yake, na barua za kawaida mara nyingi hazina alama ya kutegemewa. Matokeo yake, sauti ya Kiingereza inaisoma “murakoze” ya Kinyarwanda hadi inakuwa neno la nchi nyingine. Nilitengeneza profaili tatu za sauti, ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya Kifaransa, kila moja na kitufe chake. Kinyarwanda nakisikiliza kwa sauti ya Kiswahili ya programu ya sauti eSpeak NG, kwa kuwa irabu za lugha hizi mbili ni zilezile tano. Toni hupotea, lakini maneno yanabaki kuwa maneno.

Hadi hapo nilikuwa nasoma kwa raha. Kuandika ndiko kulikonitia aibu. Ukijibu barua, Thunderbird hujibu kwa anwani iliyoipokea. Ukianza barua mpya ukiwa ndani ya folda ya akaunti fulani, hutumia akaunti hiyo. Lakini mimi nilianza barua mpya nikiwa kwenye folda ya pamoja, na programu ikachukua akaunti ya msingi, yaani ya ofisi. Barua yenyewe ilikuwa ya kumwomba mwenye nyumba anivumilie siku kumi za kodi. Alinijibu palepale ofisini, kwenye kikasha ninachotumia pamoja na mwenzangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipochunguza kosa nikakuta kanuni yangu ilikuwa imevunjika mahali pa hatari kuliko pote. Mstari wa mtumaji huanza kwa jina langu kwenye akaunti zote tatu, na anwani huja mwishoni, wakati kidole kimeshakaribia kutuma. Dawa niliipata kwenye desturi yetu ya majina. Wanyarwanda wengi wana jina la Kinyarwanda na jina la ubatizo. Kwenye akaunti ya kazi nimetanguliza la Kinyarwanda, kama majina yanavyoandikwa kwenye hati. Ya nyumbani inaanza na la ubatizo, ambalo ndugu huniita. Ya chama inaanza na neno “Katibu”. Sasa kabla ya kubonyeza Ctrl na Enter narudi kwenye mstari huo kwa Shift na Tab, na neno moja linaniambia nazungumza kama nani. Wanaopokea barua nao wamefaidika, maana wanajua wanajibiwa na ofisi, na chama, au na mimi.

Kijana ninayemfundisha kutumia kisoma skrini jioni hufika akiuliza vitufe. Vitufe atavijua kwa wiki mbili. Namtaka kwanza asikilize kikasha chake kimya, kisha aniambie ni neno la ngapi lililomjulisha yuko wapi. Akisema la sita, tunaanza kazi hapo.