Fumo Liyongo na Jeraha Lisilosemwa

Watoto wetu hapa Maskati wakitoka sinema hutuhadithia habari za Batman, na kila mara huanzia pale pale: alikuwa mdogo, wazazi wake wakauliwa mbele ya macho yake. Mashujaa hawa wa Kimarekani wana nguvu na vyombo vya kila namna, lakini kinachowasukuma ni jeraha la moyoni. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni jipya. Si jipya hata kidogo. Waswahili tunaye Fumo Liyongo, na tukimsoma kwa makini tutaona kwamba kisa chake kinalieleza jeraha hilo kwa undani zaidi.

Kisa hicho kilipigwa chapa London mwaka 1870, katika kitabu cha Edward Steere cha hadithi alizozikusanya Unguja, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utendi. Wengi wetu tulikisikia kwa bibi zetu kabla ya kukisoma. Liyongo husifiwa kwa urefu wake, kwa shabaha yake, na kwa mwili usiodhurika kwa mkuki wala mshale. Sisi tunaona kwamba hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kisa. Kubwa ni kwamba adui zake ni jamaa zake. Mtawala wa Pate anayemwinda ni wa damu yake, na mkono unaomuua ni wa mwanawe wa kumzaa.

Tutazame anavyoyakabili hayo. Akiwa gerezani, amefungwa minyororo na anangoja kuuawa, Liyongo anaimba. Kwa nyimbo anampelekea mama yake ujumbe kupitia kijakazi Saada, na walinzi wanasikia wasifahamu. Mama anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule mbaya. Kisha anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na katika kelele za ngoma anakata minyororo. Maana yake ni wazi: Liyongo anaokoka kwa sababu yuko mtu wa kumwambia taabu yake, na maneno ya kuisemea.

Mambo yanabadilika anapokuja mwana. Kijana ameahidiwa kuozwa binti wa mtawala, naye anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anaitambua hila, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kwa nini? Mtunzi hafungui moyo wa baba, na hapo tunamlaumu kidogo. Tuliosomea uhandisi tunajua kwamba chuma mara nyingi hakivunjwi na mzigo mmoja mkubwa, bali na mizigo midogo inayorudi na kurudi, mpaka siku moja kinakatika kwa uzito ambao jana kilikuwa kinauchukua. Tunavyomsoma sisi, Liyongo alikuwa amefika hapo. Na safari hii hakumwambia mtu, hata mama yake.

Baada ya kuchomwa anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufa vivyo hivyo. Watu wa mji wanadhani yu hai na amekasirika, hawathubutu kusogea, na mji mzima unakaa na kiu. Anayemkaribia ni mama yake, kwa maneno ya upole.

Batman, tangu 1939, jeraha lake haliruhusiwi kupona, kwa sababu likipona biashara imekwisha. Utendi wetu una ujasiri wa kutuonyesha mwisho: shujaa anayekufa na uchungu wake kimya anawazuilia maji watu wake mwenyewe.

Hapo ndipo kisa kinapotugusa sisi wa Maskati. Wazee wetu wengi waliondoka Unguja baada ya Januari 1964, na wengi wakafika hapa baada ya 1970. Wamejenga nyumba, wamesomesha watoto, wametumikia nchi. Barzani watakuhadithia karafuu, Forodhani na mpira, lakini ukiugusa mwaka ule, kikombe cha kahawa kinawekwa chini na mazungumzo yanageuzwa. Nasi tuliozaliwa baadaye tumewaogopa, kama watu wale walivyouogopa upinde. Matokeo yake wajukuu wanajua barabara wazazi wa Batman waliuliwa katika uchochoro gani, lakini hawajui babu yao alitoka kwao na nini mkononi, wala alimwacha nani.

Basi, ndugu wasomaji, utendi huu usisomwe kwa kusifia misuli tu. Wazee waliobaki ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Tuwaendee kama mama yake Liyongo alivyokwenda, polepole, kwa lugha yao, bila ya kuwahukumu. Asiyetaka kusema tumwache na heshima yake. Anayetaka, tukae tumsikilize mpaka mwisho, na watoto wawepo.