Thunderbird ikinyamaza, utajuaje?

Umeiacha Thunderbird wazi tangu asubuhi ukisubiri barua pepe ya msimamizi wako. Kimya. Unabonyeza kitufe cha kupokea, zinamiminika nne kwa mpigo, moja ya saa tatu zilizopita! Usikimbilie kuifuta programu.

Akaunti za IMAP hutumia njia iitwayo IDLE, ya mwaka 1997: kompyuta inabaki hewani na seva, barua ikiingia inaambiwa. Kanuni yake inashauri amri ya IDLE isitishwe na kutolewa upya angalau kila dakika 29. Sasa ruta ya hosteli inaweza kuukata mapema zaidi, tena kimyakimya. Ni kama simu iliyokatika na wewe bado umeiweka sikioni.

Ingia kwenye mipangilio ya seva, angalia kama ukaguzi wa kila dakika 10 umewashwa. Umewashwa na bado hola? Jaribu kuzima taarifa za papo hapo.

Ila hapo mtumiaji ndiye anayefanyishwa kazi ya fundi. Lawama yangu ni kwa dirisha kuu: kukiwa hakuna barua, au hakuna mawasiliano, unaonyeshwa sanduku lilelile. Saa ya ukaguzi wa mwisho, ikiandikwa pale chini, ingetosha.