Nasaba ya Kearney: Jinsi Njia ya Moneygall Ilivyopatikana

Upande wa kuumeni wa nasaba ya Barack Obama, Rais wa 44 wa Marekani, haukuwa na shida ya kupatikana, kwa kuwa Waluo wa Kogelo walikuwa wamekwisha kuihifadhi vifuani, na wazee wao waliweza kuwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine bila ya kufungua daftari lolote. Upande wa kukeni, ambao mtu angelidhani kuwa ungekuwa mwepesi zaidi maadamu ni wa watu wa karatasi na mihuri, ndio uliohitaji kazi ya mafundi. Na kazi hiyo haikuleta tunda lake kamili mpaka mwaka 2007, Obama alipokuwa bado anagombea urais, ndipo ilipojulikana kwamba mmoja wa wahenga wake alikuwa kijana wa fundi viatu katika kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, karibu na mpaka wa kaunti ya Tipperary, nchini Ireland. Nimeichagua kazi hiyo kuichambua, wala si kwa ajili ya utukufu wa mwenye nasaba, bali kwa sababu ndani yake mna takriban kila kikwazo kinachomkabili mtu anayetafuta asili yake katika kisiwa kile.

Kanuni ya kwanza ya elimu hii ni kwamba mtafiti huanza na walio hai akarudi nyuma, wala haanzi na jina kubwa la kale akashuka. Wasomaji waliolelewa pwani wataielewa kanuni hiyo bila ya taabu, maana ni ile ile ya wapokezi wa hadithi na sanadi zao: kila kiungo cha silsila lazima kiwe na shahidi wake, na kiungo kimoja kikikosa shahidi, vyote vilivyo nyuma yake huwa dhana tupu, hata vikipendeza namna gani. Kwa Obama viungo vya karibu vilikuwa dhahiri. Mama yake alikuwa Stanley Ann Dunham. Babu yake, Stanley Armour Dunham, alizaliwa Kansas mwaka 1918. Baba wa babu huyo aliitwa Ralph Waldo Emerson Dunham. Na Ralph alizaliwa na Jacob William Dunham na mkewe, Mary Ann Kearney. Jina la Kearney linaingia kwa mlango wa mwanamke, na papo hapo linatoweka tena kwa ndoa, jambo ambalo ndilo sababu ya familia nyingi za Marekani kusahau kabisa kwamba zina damu ya Ireland.

Kumfuata Mary Ann nyuma hata kwa baba yake kulitegemea sensa za Marekani, na hapa inafaa kueleza zilivyo, kwa kuwa thamani yao hailingani. Kabla ya mwaka 1850 sensa hizo ziliandika jina la mkuu wa nyumba tu, na waliobaki wakawa tarakimu. Tangu mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake, umri wake na nchi aliyozaliwa. Na mwaka 1880 ndipo lilipoongezwa swali la uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, pamoja na nchi walikozaliwa wazazi wake. Sensa ya mwaka 1890, ambayo ingekuwa daraja la kuvukia kutoka kizazi hadi kizazi, iliharibiwa na moto wa Washington wa mwaka 1921, hata karibu yote ikapotea. Mtafiti basi hulazimika kuruka miaka 20 kwa mguu mmoja. Kwa bahati njema Mary Ann alizaliwa mapema kiasi cha kuonekana akiwa mtoto katika nyumba ya baba yake, huko kaunti ya Tipton katika jimbo la Indiana, na baba huyo akaandikwa kuwa mzaliwa wa Ireland, mwenye jina la kustaajabisha: Falmouth Kearney.

Neno "Ireland" katika safu ya mahali pa kuzaliwa ndilo linalowasimamisha watafiti wengi. Njaa kuu iliyotokana na ugonjwa wa viazi, tangu mwaka 1845 hata 1852, iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine wapatao idadi hiyo hiyo, na waliofika Marekani waliulizwa nchi yao, hawakuulizwa kijiji chao. Orodha za abiria, ambazo sheria ya Marekani ilizilazimisha merikebu kuziwasilisha tangu mwaka 1820, hutaja jina, umri, jinsia, kazi na nchi, basi. Ilhali kumbukumbu za Ireland zimepangwa kwa mahali, na mahali penyewe ni padogo mno: nchi ile imegawanyika katika vitongoji vya kale zaidi ya 60,000, ambavyo hukusanyika kuwa parokia, na parokia kuwa tarafa, na tarafa kuwa kaunti. Mtu anayejua jina la ukoo wake na asijue parokia yake ana hali ya kusikitisha, maana atawakuta akina John Kearney na Mary Kearney kila upande, wasiotofautishwa na chochote ila hamu yake mwenyewe ya kumchagua mmoja wao.

Ni kitu gani kilichokivusha kisa hiki bahari, basi? Naona ni vitu viwili, na hakuna hata kimoja kati yake kilicho jina la ukoo.

Cha kwanza ni jina la kubatizwa. Falmouth ni jina la nadra sana kwa Mwairishi, na makarani walilivuruga kila walipoliandika, wakatia herufi na kutoa herufi, lakini hata likivurugwa halikuweza kuchanganyika na la mtu mwingine. Alipoonekana kijana mwenye jina hilo, umri wake yapata miaka 19, katika orodha ya abiria wa merikebu Marmion iliyotia nanga New York mwezi wa Machi mwaka 1850, hapakuwa na haja ya kubishana kama ndiye au siye. Lau angebatizwa John, yamkini kisa kizima kingekomea Indiana.

Cha pili ni jamaa. Mtafiti aliyeiongoza kazi hii upande wa Marekani, Megan Smolenyak, hakumfuata Falmouth peke yake, bali aliwakusanya na wale Wakearney wengine waliotangulia kufika Ohio, na huo ndio ustadi wenyewe wa fani hii: mhamaji hutazamwa pamoja na ndugu na majirani zake, kwa kuwa watu wa njaa ile hawakusafiri ovyo, walifuatana, mmoja akamvuta mwingine. Baba yake Falmouth aliitwa Joseph, naye alikuwa na ndugu aliyeitwa Francis, ambaye alikuwa amekwisha kuweka makazi Ohio na akafariki huko mwaka 1848, akamwachia Joseph ardhi. Joseph akavuka mwaka 1849 kwenda kuitwaa, na mwanawe akamfuata mwaka uliofuata. Mirathi, basi, ndiyo iliyouhamisha ukoo huu, ingawa njaa ndiyo iliyokuwa nyuma ya pazia. Na mirathi ina tabia ya kuacha hati ambazo njaa haiachi. Maskini aliyekufa kando ya njia hakumwachia mtafiti kitu, lakini mwenye ekari chache alilazimika kutaja ni nani nduguye, na yuko wapi.

Kwa njia hiyo Moneygall ikajulikana, na barua ikapelekwa kwa kasisi wa Kanisa la Ireland aliyesimamia eneo lile, Kanoni Stephen Neill. Ili thamani ya alichokipata ieleweke, ni lazima nikae kidogo juu ya msiba wa nyaraka za nchi ile, ambao sijui kama kuna taifa jingine la Ulaya Magharibi lenye mfano wake.

Sensa za Ireland zilianza mwaka 1821, zikafanywa kila baada ya miaka 10. Zile za mwaka 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kutolewa. Za mwaka 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipoadimika. Na zile nne za kwanza, zilizokuwa zimetunzwa kwa heshima zote katika Ofisi ya Kumbukumbu za Serikali mjini Dublin, ziliteketea, ila vipande vichache, tarehe 30 Juni 1922, wakati wapinzani wa Mkataba kati ya Ireland na Uingereza, waliokuwa wamejifungia katika majengo ya Four Courts ilimokuwamo ofisi hiyo, waliposhambuliwa kwa mizinga na jeshi la serikali ya muda, na mlipuko mkubwa ukailipua hazina hiyo. Karne nyingi za hati zikawa majivu yanayopeperuka juu ya mji. Hesabu kamili ya watu ya zamani kabisa iliyosalimika ni ya mwaka 1901, miaka 51 baada ya Falmouth kuondoka.

Wakearney wa Moneygall walikuwa wa Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, wala si Wakatoliki kama walivyo Waairishi wengi, na jambo hilo, ambalo kwa desturi ni faida kwa mtafiti, hapa lilikuwa hatari. Baada ya Kanisa hilo kuondolewa cheo cha kuwa kanisa la dola kwa sheria ya mwaka 1869, madaftari yake ya kale ya ubatizo na maziko yalihesabiwa kuwa mali ya serikali, na parokia zisizokuwa na mahali madhubuti pa kuyatunza zilitakiwa ziyapeleke Dublin. Parokia zilizotii ndizo zilizopoteza. Madaftari ya Wakatoliki, ambayo dola haikuyajali, yalibaki kwa mapadri wake na yakaokoka. Sasa, daftari la parokia ya Templeharry, iliyo jirani na Moneygall, halikuwamo Dublin siku ile. Lilikuja kupatikana miongoni mwa nyaraka zilizokuwa zimehifadhiwa nyumbani kwa mwumini mmoja mzee, na ndani yake Kanoni Neill akawakuta Wakearney. Utunzaji wa nyumbani, ambao kila mhifadhi wa leo angeukemea, ulishinda kuta za mawe za serikali.

Vipo vitu ambavyo kwa kawaida hushika nafasi ya sensa zilizopotea, na wengi huvitumia kwa mafanikio: vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1838, vilivyoandika wenye kulima ardhi na kiasi walichotozwa kwa ajili ya Kanisa la Ireland, wawe waumini wake au wasiwe, na ile tathmini ya mali iliyosimamiwa na Richard Griffith, iliyochapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864. Lakini vitabu vya zaka hufuata mashamba, na fundi wa kijijini asiyekuwa na shamba aghalabu hupita katikati ya wavu. Na tathmini ya Griffith, ambayo huanza katika baadhi ya kaunti wakati watu wamekwisha kupanda merikebu, haimfai sana mtu aliyeondoka mwaka 1849. Uandikishaji wa kiserikali wa vizazi na vifo kwa watu wote haukuanza mpaka mwaka 1864. Kwa hiyo bila ya lile daftari la kanisa, Joseph fundi viatu angelibaki jina katika hati ya Ohio.

Nimeliacha jina la Kearney mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndilo wanaloanza nalo wengi na ndilo linalowapoteza. Waairishi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Ulaya kuwa na majina ya ukoo yenye kurithiwa, tangu karne ya 10 na ya 11, wakitumia Ó kwa maana ya mzao na Mac kwa maana ya mwana. Kearney ni sura ya Kiingereza ya majina yasiyopungua mawili yasiyohusiana: Ó Cearnaigh, ambalo shina lake lina maana ya ushindi, na Ó Catharnaigh, ambalo shina lake lina maana ya vita. La kwanza lilikuwa na watu wake maarufu huko Cashel katika Tipperary. La pili lilikuwa la watawala wa Teathbha, sehemu za Westmeath na Offaly, ambao tawi lao kuu lilikuja kuitwa Fox. Makarani wa Kiingereza waliyasikia kwa sikio moja, wakayaandika kwa kalamu moja, na karne za utawala ule zikaing'oa ile Ó mwanzoni. Moneygall imekaa kati ya nchi hizo mbili. Anayesema kwa jina pekee kwamba fundi viatu yule alitokana na hawa au na wale anabahatisha, na maduka yanayomwuzia kila Kearney ngao moja ya ukoo yanauza pambo, maana ngao hizo hutolewa kwa mtu na wazao wake, hazitolewi kwa jina.

Hata vipimo vya damu vina mipaka yake hapa. Kromosomu Y, ambayo kwayo wataalamu hulinganisha watu wenye jina moja la ukoo, hupita kwa wanaume tu, na mstari huu ulikwisha pita kwa Mary Ann. Obama ni kining'ina wa Falmouth, na fungu analotarajiwa kuwa nalo kutoka kwake ni moja katika 32. Karatasi ndizo zilizomfikisha Moneygall tarehe 23 Mei 2011, wakati kijiji chenye watu wapatao 300 kilipompokea kwa shangwe.

Msomaji mwenye jamaa wa Kiairishi, na wako si haba katika familia za mchanganyiko za Afrika Mashariki na ughaibuni, na atafute kwanza jina la parokia, katika barua, katika mawe ya makaburi, katika wosia wa ami au shangazi aliyekufa bila ya mtoto. Akilipata, sensa za Ireland za mwaka 1901 na 1911 zimewekwa wazi bila malipo na Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, na picha za madaftari ya parokia za Kikatoliki, mengi yakifika takriban mwaka 1880, zinapatikana tangu mwaka 2015 katika Maktaba ya Taifa ya Ireland, nazo pia hazitozwi kitu.