Ng'ombe wa Donge Moja

Mwambie mtoto wa miaka minne au mitano afinyange ng'ombe, kisha tazama mikono yake. Ataviringa tumbo, atabingirisha vijiti vinne vyembamba, atavibandika chini ya tumbo na kumsimamisha mnyama wake. Ng'ombe ataanguka, miguu ibaki mezani. Mwalimu mwenye haraka humsogelea, akachukua udongo na kumtengenezea mwingine mzuri. Hapo somo limepotea, maana mikono iliyofanya kazi si ya mtoto.

Kosa liko kwenye viungo. Udongo ulioguswa tu na udongo mwenzake haujashikana. Umekaa karibu tu. Ukikauka husinyaa, na kila kipande husinyaa kivyake, kwa hiyo ufa hutokea palepale pa kuungia. Wafinyanzi wanalijua hili tangu zamani: hukwaruza pande zote mbili, hupaka uji wa udongo, kisha hukandamiza na kulainisha mshono kwa kidole. Mtoto mdogo hana subira ya hatua zote hizo, wala hatuna sababu ya kumdai.

Njia inayomfaa ni kuvuta. Mpe donge la ukubwa wa limau kubwa. Aliviringe kati ya viganja mpaka liwe duara, kisha alibingirishe kidogo lirefuke kama yai. Sasa abane upande wa chini kwa kidole gumba na cha shahada, mara nne, na kila alipobana avute taratibu. Miguu itoke mifupi na minene. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, kwa kuwa unene wa mguu ndio unaobeba tumbo, na mtoto anayemsimamisha ng'ombe wake akaona amesimama amejifunza uzito kwa vidole vyake. Shingo na kichwa navyo huvutwa mbele. Pembe na mkia huja mwisho, na vikikatika si neno.

Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu ubunifu wa watoto, alieleza kwamba wako wanaovuta umbo kutoka donge zima na wako wanaojenga kwa kuunganisha vipande, na kwamba haifai kumlazimisha mmoja afuate njia ya mwenzake. Nakubaliana naye. Kuvuta nakuonyesha mwanzoni kwa sababu kunampa mtoto mnyama anayesimama. Anayeng'ang'ania kuunganisha nampa plastisini, ambayo mshono wake hushika kwa kukandamizwa na kupakazwa kwa kidole tu.

Plastisini yenyewe ilizaliwa darasani. William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, Uingereza, aliitengeneza mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake wa uchongaji, akitaka kitu kisichokauka. Kwa kuwa ina mafuta badala ya maji, mtoto anaweza kubomoa na kuanza upya leo, kesho na wiki ijayo. Ubaya wake ni ugumu asubuhi ya baridi: vidole vya miaka mitatu haviiwezi. Ikatwe vipande vidogo, ipashwe joto viganjani au juani kwa muda mfupi, ndipo igawiwe.

Lakini shule nyingi za awali hazina fedha ya plastisini, na hazihitaji kuona haya. Udongo wa kichuguu na wa bondeni umetumika kufinyangia ng'ombe wa watoto wa wafugaji vizazi na vizazi. Ondoa mawe na mizizi, uloweke, ukande. Kisha upime: bingirisha kijiti chembamba ukizungushe kwenye kidole. Kikipasuka, ongeza maji. Kikinata kiganjani, ukande juu ya gunia kavu linyonye maji. Kazi zilizokamilika zikauke kivulini, si juani, na zifunikwe kitambaa siku ya kwanza.

Mwalimu, kaa na donge lako mwenyewe kando ya mtoto. Bana mguu wa ng'ombe wako auone, kisha ukande tena donge lote mbele yake kabla hajaanza wake, ili asiwe na cha kunakili. Ng'ombe wa kwake usimguse.